Mtoi Anaimba ABC Lakini Kusoma "Mama" Ni Noma? Tafuta Katoni na Maharagwe

Cheki hii. Mtoi wa sista yangu ako PP2 hapa Makutano, Meru. ABC anaimba mbio mbio hadi Z, na video tumemrekodi. Juzi nikamwonyesha neno "mama" kwa gazeti. Akaliangalia, akaniangalia, kisha akasema polepole, "Anko, mimi ni mjinga." Miaka 5, manze. Hiyo iliniuma.

Nisikudanganye, mimi si mwalimu. Chuo chenyewe niliachia katikati kule Embu. Lakini nilikaa chini na huyo mtoi, nikagundua shida haikuwa kichwa yake. Alikuwa anajua majina ya herufi, sio sauti zake.

Jaribu mwenyewe. Sema "em", halafu "ei", unganisha haraka. Unapata "emei", si ndio? Haiwezi fika "ma" hata ukimbie aje. Sasa sema "mmm", halafu "aaa". Umeona? "Ma" imejileta. Na Kiswahili kimekurahisishia kazi: irabu ni 5 tu, na kila moja inabaki na sauti yake popote utaipata. Kwa Kiingereza, hiyo "a" hubadilika kila saa. So anza na Kiswahili.

Sasa mikono inaingilia wapi? Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza pale Roma mwaka wa 1907, alikuwa anakata herufi za msasa. Mtoto anapitisha kidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake. Jicho, sikio na kidole zinashika kitu moja kwa wakati mmoja. Na huhitaji doh ya kununua msasa.

1. Herufi za mchanga. Omba katoni tupu kwa duka, kata vipande vya saizi ya kiganja. Pika uji mzito wa unga wa ngano, hiyo ndiyo gundi yako. Andika herufi ndogo, sio kubwa, kwa hiyo gundi, mwagia mchanga mkavu, acha ikauke hadi kesho. Mtoi apitishe kidole vile herufi huandikwa, akisema "mmm" ama "sss". Anza na a, e, i, o, u, kisha m. Na b na d usifundishe siku moja, zitamchanganya.

2. Maharagwe. Chora herufi kubwa kwa karatasi, mtoi apange maharagwe juu ya mstari. Kama uko na makadamia za shamba, hizo na ganda lake zinashikika vizuri zaidi. Kuwa rada tu: kama kuna katoto kadogo karibu, maharagwe itaishia kwa pua.

3. Vizibo vya soda. Andika herufi moja kwa kila kizibo. Weka m mbele, badilisha irabu: ma, me, mi, mo, mu. Ongeza vizibo vya t, na t-a-t-u inakuwa neno. Hapa ndio mtoi hushtuka kuwa anasoma.

Na lugha ya nyumbani usiifiche. Kimeru na Kiembu ziko na irabu 7, juu kuna ĩ na ũ. Tengeneza hizo pia, ile alama ya juu ubandike na kipande cha uzi. Cucu akisema *mũtĩ*, mtoi aguse herufi akisikiliza. Lugha anayoongea tayari ndiyo sikio lake limezoea, kwa hivyo sauti zake hazimpi shida.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Akichoka, wachana naye. Akikosea, usicheke na usimfananishe na mtoi wa jirani. Sema tu sauti yenyewe, arudie.

Yule wetu ilimchukua kama wiki tatu. Jioni moja alipanga vizibo vinne kwa meza, akanyamaza, midomo ikicheza. Halafu akapiga nduru, "Mama!" Sista yangu akatoka jikoni mbio akidhani ameumia. Kumbe alikuwa anasoma.

Hiyo video ndiyo sasa tunaonyesha wageni.