Meli Moja, Hati Zilizolala na Fidia ya Dhahabu

Julai 29, 1862, meli mpya iliyoundwa Birkenhead iliondoka mto Mersey ikiwa na wageni waalikwa, mabibi kwa mabwana, kana kwamba inakwenda kujaribiwa tu. Wageni walirudishwa kwa tagi. Meli haikurudi. Huko Azores ilipakiwa mizinga, ikapewa jina la Alabama, ikaanza kuwinda meli za biashara za Marekani kwa niaba ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani.

Uingereza ilikwisha kutangaza kwamba haiegemei upande wowote, na sheria yake ilikataza kumwandalia mpiganaji meli ya vita. Wala haikukosa habari. Thomas Dudley, konseli wa Marekani mjini Liverpool, alikusanya viapo vya mashahidi. Hati zikapelekwa kwa mwanasheria wa Malkia, naye alikuwa mgonjwa, zikalala kwake siku kadhaa. Amri ya kuizuia meli ilipotoka, bandarini hapakuwa na cha kuzuia. Kwangu mimi, kosa la Uingereza ni siku hizo: tangazo la kutoegemea upande halina maana kama hakuna anayelisimamia gatini.

Alabama ilifika Cape Town, na Februari 1864 ilifika hata Nzwani katika Komoro. Iliteka meli zaidi ya 60 kabla ya kuzamishwa karibu na Cherbourg, Juni 1864.

Baada ya vita Wamarekani walikuwa na hasira. Seneta Charles Sumner alidai Uingereza ibebe hata gharama za vita kurefuka. Wengine waliitamani Kanada iwe fidia. Mkataba wa Washington wa 1871 ukalipeleka shauri Geneva, mbele ya wasuluhishi watano: Mmarekani, Mwingereza, Mwitalia, Mswisi na Mbrazili. Linalonivutia zaidi ni hili: Uingereza ilishikilia kuwa kanuni za mkataba huo kuhusu wajibu wa nchi isiyoegemea upande hazikuwa sheria mwaka 1862, lakini ikakubali kuhukumiwa kwazo. Dola yenye jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani haikulazimika kufanya hivyo.

Madai ya gharama za vita nusura yavunje baraza, mpaka wasuluhishi wenyewe walipoyaweka kando. Septemba 14, 1872, Uingereza iliamriwa kulipa dola milioni 15.5 za dhahabu. Msuluhishi wake, Jaji Mkuu Alexander Cockburn, alikataa kutia saini, akaandika hoja ndefu za kupinga. Serikali yake ililipa mwaka uliofuata.