Miwani inayoziba macho ya mchezaji: mazoezi yenye faida, lakini si kwa kila mtu

Stephen Curry anadunda mpira wa kikapu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili anadaka mpira mdogo wa tenisi. Usoni amevaa miwani ambayo vioo vyake havitulii: mara vinaonyesha, mara vinaziba. Mpira anauona ukianza safari, kisha giza, kisha tayari umemfikia.

Mazoezi hayo, aliyoyafanya na mwalimu wake Brandon Payne, yameonekana duniani kote kwa njia ya video. Jina la Curry si geni huko Goma, kwani Jonathan Kuminga, mzaliwa wa mji huo, alichaguliwa na timu ya Golden State Warriors mwaka 2021 na kucheza pamoja naye. Swali kwa vijana na makocha wengi ni hili: je, miwani hiyo inasaidia kweli?

Namna inavyofanya kazi

Miwani hiyo inatumia batri. Vioo vyake vina maji maalum ndani, kama yale ya kioo cha saa ya namba, na umeme unayafanya yabadilike kutoka weupe hadi giza. Kampuni ya Nike ilitoa miwani ya aina hiyo mwaka 2011, ikiwa na ngazi nane. Katika kila ngazi mchezaji anaona kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Kinachobadilika ni urefu wa giza: katika ngazi ya kwanza ni fupi sana, katika ngazi ya nane linakaribia sekunde nzima.

Lengo si kutia macho nguvu. Mtu asiyeona mbali hataponywa na miwani hiyo. Kinachofundishwa ni ubongo, ambao unalazimika kukisia mpira uko wapi kwa kutumia picha chache tu. Golikipa wa kabumbu anaijua shida hiyo: wakati wa kona, mpira unapotea nyuma ya miili ya wachezaji na kutokea tena karibu na lango. Asiyekisia vizuri anachelewa.

Utafiti unasema nini

Chuo kikuu cha Duke, huko Marekani, kilichunguza jambo hilo. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliofanya mazoezi na miwani waliongeza uwezo wa kutambua mwendo mdogo wa vitu vilivyo mbele yao. Lakini kwa vitu vya pembeni hawakupata nafuu hiyo.

Mwaka 2013 yakatolewa matokeo ya timu ya Carolina Hurricanes, inayocheza hockey ya barafuni. Wachezaji 11 waligawanywa: baadhi walivaa miwani katika mazoezi ya kawaida kwa siku 16, wengine hawakuvaa. Waliovaa walipanda kwa asilimia 18 katika majaribio ya kupiga langoni na kutoa pasi ndefu. Wengine walibaki palepale.

Asilimia 18 inavutia, lakini wachezaji 11 ni wachache, na watafiti wenyewe waliliita jaribio la mwanzo. Kufaulu katika jaribio pia si sawa na kushinda mechi.

Hatari ya kifafa

Mwanga unaokatika-katika unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa huo. Wengine wanaweza kuumwa kichwa au kusikia kichefuchefu. Jambo hilo linagusa moja kwa moja mashariki mwa Congo, kwani katika sehemu fulani za Ituri zenye ugonjwa wa upofu wa mtoni, kifafa kinapatikana kwa wingi. Na kwa sababu ya aibu, familia nyingi hukificha. Kocha anayemvalisha kijana miwani bila kuuliza anaweza kumwangusha mbele ya wenzake.

Mwenye kuwahi kupata kifafa, au kuzimia bila sababu kujulikana, asiivae kabla ya kuonana na muganga. Kwa wengine, mazoezi yaanze katika ngazi nyepesi, kwa mpira laini unaorushwa polepole, mahali pasipo na watu wa kugongana nao. Dalili yoyote mbaya ikitokea, miwani ivuliwe mara moja.

Timu isiyo na pesa ya kuinunua haijakosa njia. Golikipa anaweza kusimama akiupa mgongo uwanja na kugeuka anapoitwa, mpira ukiwa tayari njiani. Au wenzake wawili wapite mbele yake wakati mpira unapigwa. Hapo pia anauona mpira kwa muda mfupi tu, na analazimika kuamua haraka. Gharama yake ni mpira mmoja na wenzake wawili.