Nani alimchagua gavana wa jimbo lako?

MTANGAZAJI:  

Kuna swali linalorudi kila mara kutoka kwa ndugu zetu wa Kongo: magavana hawa wapya, nani aliwapigia kura? Jibu ni kwamba hata jirani yako aliyebaki nyumbani hakumpigia kura gavana.

Tarehe 20 Desemba 2023, wananchi walichagua siku moja rais, wabunge wa taifa, wabunge wa jimbo na, katika baadhi ya miji, washauri wa komini. Baadaye wabunge wa jimbo ndio waliokaa kumchagua gavana na makamu wake. Hao hao huchagua pia maseneta. Kwa hiyo ile kura ya mbunge wa jimbo, ambayo wengi huiona ndogo, ndiyo inayoamua nani atasimamia barabara, shule na kodi za kwenu.

Na si lazima mwenye kura nyingi apate kiti. Chama au kundi la vyama lisilofikisha asilimia 3 ya kura halali za jimbo zima linaondolewa katika ugawaji wa viti. Mtu anaweza kuongoza katika wilaya yake, kijiji kizima kikashangilia, kisha akakosa kiti kwa sababu wenzake wa chama hawakupata kitu kwingine. Wengi huona hapo pana wizi. Mara nyingine ni hesabu tu.

Lakini wizi nao ulikuwapo. Tarehe 5 Januari 2024, tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82. Uchaguzi wa wabunge ukafutwa kabisa Masimanimba, jimbo la Kwilu, na Yakoma, jimbo la Nord-Ubangi. Matokeo ya muda ya wabunge wa jimbo yalitoka mwezi huohuo wa Januari.

Sasa Kivu. Huko Masisi na Rutshuru uchaguzi haukufanyika kwa sababu ya vita. Vilevile Kwamouth, jimbo la Mai-Ndombe. Maana yake ni kwamba wilaya hizo mbili, ambako baadhi yenu mlitoka, hazikuchagua wabunge wa jimbo. Tarehe 29 Aprili 2024 majimbo mengi yalipochagua magavana, Kivu Kaskazini na Ituri hayakuchagua. Tangu Mei 2021 yako chini ya utawala wa kijeshi, na gavana anateuliwa na rais.

Na sisi tulio nje? Wakongo wa nchi za nje walipiga kura katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada, tena kwa ajili ya rais peke yake. Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda hazikuwamo.

Msidanganywe na maneno ya mitaani: kutopiga kura hakumwondolei mtu uraia wala shamba lake. Ni kweli kwamba kule Kongo kadi ya mpiga kura hutumika kama kitambulisho, na ndiyo maana baadhi ya watu hutamani kuvuka mpaka kwa siri kuitafuta. Safari kama hiyo inaweza kuleta maswali juu ya hadhi yako ya ukimbizi. Kabla hujaondoka, ulizia kwanza kwenye dawati la ulinzi kambini kwenu.