Msasa Umehamia kwenye Taa za Magari

Kabla ya msasa kuwa karatasi ya dukani ulikuwa mti. Majani yake hukwaruza mfano wa ulimi wa paka, na maseremala wa zamani waliyatumia kusugulia mbao mpaka kiganja kipite pasi na kukwama. Karatasi ilipokuja ikarithi jina la jani. Nasi watungaji tukaliazima, tukawa twasema shairi fulani halijapigwa msasa, hali tukijua kuwa mara nyingine ni guni tupu na msasa hautalifaa kitu. Leo nataka kuwaeleza wasomaji wangu mahali pengine neno hili lilipohamia, napo ni kwenye taa za magari.

Pita Malindi mchana utazame magari yaliyoegeshwa. Mengi yametoka Japani baada ya kutumika huko, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8, aghalabu hufika taa zake zingali safi kama maji ya kisima. Lakini Malindi iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Jua likishalipiga gari miaka kadhaa, na pepo za kaskazi na kusi zikalirushia mchanga, taa hugeuka manjano, kisha huwa kama jicho lililoingia mtoto wa jicho.

Hii ni kwa sababu kile tukiitacho kioo cha taa si kioo. Zamani kilikuwa kioo kweli. Hii ya sasa ni plastiki iitwayo polikaboneti, iliyovumbuliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani, kila mmoja kivyake. Jiwe likiigonga haipasuki upesi, ila huchubuka kwa urahisi na jua huila. Kwa hivyo kiwandani huvishwa utando mwembamba mgumu wa kuikinga. Utando huo ndio unaochakaa.

Fundi niliyekwenda kumtazama ni kijana wa Kigiriama, mwenye kibanda chini ya mwarobaini kando ya njia ya Mombasa. Hana mashine. Alibandika tepu kuizunguka taa ili asiikwaruze rangi ya gari, akaiosha kwa sabuni, kisha akaniita.

"Shekhe, hebu pitisha ukucha hapa."

Nikapitisha. "Umekwama, mwanangu."

"Basi huo umeingia ndani. Watu hudhani mimi naziba mkwaruzo. Siuzibi. Naishusha plastiki ya jirani zake mpaka iwe sawa na chini ya mkwaruzo."

Nilikaa na neno hilo muda mrefu kuliko alivyodhani. Yeye alikwisha kurowesha msasa wa namba 800 na kuanza kusugua, mkono ukienda upande mmoja tu, maji yakimwagika juu bila kukoma. Maji hayo huchukua unga wa plastiki na kuzuia joto. Mwanzo yalitiririka ya manjano, baadaye yakawa meupe kama tui. Taa yenyewe ikazidi kuwa mbaya, imefifia yote, na mwenye gari akaanza kuhema. Kijana hakumjali. Akashika namba 1000, sasa akisugua kwa kukingama, ili aone mistari ya kwanza imefutika yote kabla hajaendelea. Namba 1500. Namba 2000. Ukiruka namba moja, makovu ya ile ya nyuma hubaki, na hutayaona mpaka taa iwashwe usiku. Mwisho alichukua kitambaa laini na dawa ya kung'arishia, akazungusha mpaka taa ikafunguka, tukaona balbu iliyo ndani. Taa mbili zilimchukua tangu baada ya adhuhuri hadi kukaribia alasiri. Petroli na thina hazigusi kabisa, kwani huitia plastiki hii nyufa ndogo ndogo zisizo na dawa.

Kazi haikuishia hapo. Kusugua kumeondoa hata ule utando mchache uliosalia, na taa sasa iko uchi. Hapana budi ipuliziwe vanishi ya kuzuia jua. Isipopuliziwa, baada ya miezi michache manjano hurejea, tena kwa kasi.

Hapa ndipo penye fitina. Wako madalali wanaotaka taa zing'ae siku ya kuuza tu. Wengine hupaka dawa ya meno, nayo kweli hung'arisha kidogo, wengine mafuta. Wasomaji wanakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umaji chini yake. Mnunuzi wa gari hilo ataendesha usiku kutoka Kilifi kwenda Malindi, penye giza, mbuzi, na waendao kwa baiskeli zisizo na taa, nuru yake ikitawanyika ndani ya ukungu wa plastiki badala ya kufika njiani.

Kijana aliniambia manjano huanzia ukingo wa juu wa taa, panapopigwa jua zaidi. Mwenye kwenda kununua gari na aanze kutazama hapo, mchana, taa zikiwa zimezimwa, na apitishe ukucha.