Bahari Ndiyo Kaburi Lao

Mkazi wa Kinondoni au Temeke aitazamapo bahari tulivu, yafaa akumbuke kuwa nayo ilikuwa uwanja wa vita. Februari 1943, huko Kipevu, Mombasa, Waingereza waliunda upya Kikosi Nambari 259 cha ndege za Catalina, zilizotua majini na kupiga nyambizi kwa mabomu. Tarehe 20 Agosti, pamoja na Kikosi Nambari 265, kiliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska. Kisha kikahamia Dar es Salaam. Lakini bahari ni pana kuliko macho ya rubani. Tarehe 12 Februari 1944 Wajapani waliizamisha meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa. Walikufa watu zaidi ya 1,200, mamia yao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kikosi kilivunjwa Aprili 1945. Ndege zimetoweka, majina ya wafu hao yasitoweke.