Kitunguu Saumu na Choa cha Kichwani

  Leo tunazungumza juu ya choa, ambacho kikiwa kichwani wengi hukiita mapunye.

Choa huletwa na viini vidogo viitwavyo fangasi. Hakiletwi na minyoo, wala si damu chafu. Kichwani utaona mabaka ya duara yenye magamba, nywele zinakatika na mtoto anajikuna.

Akina mama wengi huponda kitunguu saumu na kupaka. Je, ni dawa?

Kuna ukweli ndani yake. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa kemikali iitwayo alisini, yenye ile harufu kali. Wanasayansi wa Marekani waliitambua mwaka 1944. Katika maabara, mtaalamu hukuza fangasi kwenye sahani ndogo yenye chakula chao, kisha huweka kikaratasi kilicholoweshwa dawa ya mmea. Baada ya siku kadhaa hutazama. Pale fangasi waliposhindwa kuota hubaki duara tupu, nalo hupimwa kwa milimita. Alisini imezuia fangasi wa choa kwa majaribio kama haya.

Lakini sahani haina ngozi. Mtoto anayo, na ni laini. Wapo watoto walioungua na kutokwa malengelenge baada ya kufungwa kitunguu saumu kibichi mwilini.

Pia kuna suala la kipimo. Mwaka 1996 watafiti wa Venezuela walichapisha matokeo ya krimu yenye ajoini, kemikali nyingine itokayo kwa kitunguu saumu. Katika gramu 1,000 za krimu, ajoini ilikuwa gramu 4 tu. Kati ya wagonjwa 34 wa fangasi wa miguu, 27 walipona kwa siku 7. Hiyo ilikuwa krimu iliyopimwa, tena ya miguu. Kitunguu cha jikoni hakina kipimo.

Kichwani kuna shida zaidi: fangasi huingia ndani ya unywele wenyewe. Cha kupaka peke yake hakiwafikii. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini. Nayo ina asili yake, kwani ilitolewa kwenye ukungu mwaka 1939, ikachunguzwa karibu miaka 20 kabla ya kupewa watu.

Kwa hivyo mama, fanya haya:

1. Mpeleke mtoto kwenye zahanati au kituo cha afya. Kipimo cha dawa hufuata uzito wake.
2. Griseofulvini mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ili iingie mwilini vizuri.
3. Endelea hadi mwisho, mara nyingi wiki 6 hadi 8, hata nywele zikianza kurudi.
4. Kagua vichwa vya watoto wengine nyumbani. Kila mmoja awe na kitana, taulo na kofia yake.
5. Mwambie kinyozi asafishe mashine kwa dawa kabla ya kumnyoa.

Ukiona uvimbe laini wenye usaha kichwani, usingoje. Ukicheleweshwa, nywele zinaweza zisiote tena mahali hapo.

Na kama umeshampaka kitunguu saumu, mwambie muuguzi bila kuogopa. Atakusaidia vizuri zaidi akijua.