Vijana wa Bwejuu (Mafia): kazi za Taasisi ya Bahari haziuzwi!

Wadau, vijana wenzangu hapa kisiwani wananiuliza sana kuhusu kazi pale Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Taasisi hii ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo tangu 1978, inachunguza mikondo, maji kujaa na kupwa, matumbawe na samaki. Ni ajira za umma: unaomba Sekretarieti ya Ajira kwa intaneti, bure. Mtu akikudai "hela ya fomu", huyo tapeli.

Na semina siyo usaili jamani. Mtafiti anaeleza alichogundua, wenzake wanambana kwa maswali. Ukibahatika kusikiliza, utajua wanahitaji wasomi wa nini. Sisi tulioishia sekondari tukazane kwanza na fizikia na hesabu. Nawasilisha.